Mhariri, zirudisheni zile break saba

Kwako Mhariri,

Juzi baada ya isha, binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye huja kwangu jioni kujifunza kompyuta hapa Langoni, Lamu, alinifungulia daftari lake akanionyesha kipande cha gazeti lako. Alikuwa amekikata kwa wembe, taratibu, pembe zote nne zimenyooka, na kukibandika kwa gundi. Ni kile kisanduku cha ukurasa wa wanafunzi mlichotolea mfano wa swichi katika C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: programu inayopokea nambari ya siku na kuandika jina lake. Aliinakili herufi kwa herufi kwenye kompyuta yangu, akaiendesha, akabonyeza 5. Alitarajia kuona Jumatano. Skrini ikamwandikia hivi:

Jumatano
Alhamisi
Ijumaa
Siku hiyo haipo

Akaifuta yote, akaiandika upya. Ikaja vile vile. Akaifuta tena. Alipoinuka kuniita alikuwa ameshaiandika mara nne. Hakuniuliza mbona siku zote hizi zimejitokeza. Aliniuliza: "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Kosa ni lenu, na ndilo lililonikalisha usiku huu kukuandikia. Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyu aliliamini gazeti kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe.

Naiweka programu yenu hapa kama mlivyoichapisha, ili msomaji ajionee:

switch (siku) {
case 1: printf("Jumamosi\n");
case 2: printf("Jumapili\n");
case 3: printf("Jumatatu\n");
case 4: printf("Jumanne\n");
case 5: printf("Jumatano\n");
case 6: printf("Alhamisi\n");
case 7: printf("Ijumaa\n");
default: printf("Siku hiyo haipo\n");
}

Kilichopungua ni neno moja, break, mwishoni mwa kila siku. Limepungua mara saba. Huenda mpangaji wa kurasa aliona kila break inakula mstari, akaziondoa ili kisanduku kitoshe. Lakini chini yake mwandishi akaongeza kwamba swichi ni "if iliyofupishwa", na hilo halikutokana na upungufu wa nafasi. Break iliyopotea hujionyesha programu inapoendeshwa. Fikra yenye kasoro hukaa kichwani kwa miaka, na mtu akaja kufundishia wengine.

If huuliza swali. Je, umri umefika kumi na minane? Je, maji yamejaa na upepo ni wa kusi? Swali laweza kuwa lolote, na ukizipanga if kumi, kompyuta itauliza moja baada ya nyingine mpaka ipate ndiyo. Swichi haina maswali. Inasoma thamani moja tu, nayo ni lazima iwe nambari kamili, au kitu ambacho C hukihesabu kuwa nambari kamili, kama vile herufi moja. Ikishaisoma inaruka moja kwa moja hadi kwenye lebo, yaani ile case, yenye thamani hiyo. Lebo zikiwa nyingi na zimefuatana, mara nyingi kompaila, ile programu inayoigeuza C kuwa amri za mashine, hutengeneza jedwali la anwani, na kuifikia lebo ya arobaini na tisa hakuchukui muda zaidi ya kuifikia ya kwanza.

Kwa hiyo huwezi kuandika case 12.50, wala case "Faza". Kompaila itakataa. Na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hii ni if fupi, akitaka kupanga madaraja ya mtihani, ataandika case 80-100 akiamini amesema "kutoka themanini hadi mia". Hapa hata kompaila haitamkatalia. Itaiona ile alama ya katikati kuwa ni ya kutoa, itatoa 100 katika 80, itapata hasi 20, na itakubali kimya kimya. Kisha mwanafunzi aliyepata 91 ataambiwa hana daraja. Hili nimeliona kwa macho yangu, kwenye daftari la kijana mwenye akili nzuri tu, na siku hiyo tulimaliza saa nzima kulitafuta.

Mimi ni mtoto wa nahodha. Marehemu baba yangu alikuwa na mashua ya kupeleka abiria visiwani, na mpaka leo nikifundisha swichi namrudia yeye. Chombo kikitoka Lamu hungoja maji yajae ndipo kipite mkondo wa Mkanda, kisha kitie Mtangawanda, kisha Faza, kisha Kizingitini. Sasa mfikirie abiria aliyepandia Mtangawanda. Chombo hakimuulizi kwenye kila gati kama hapo ndipo kwao. Kinakwenda. Asipotoa sauti, "Nishushe hapa," atafikishwa mwisho wa safari na mizigo yake. Case ni gati la kupandia, basi. Ukishapanda, magati yanayofuata unayapita tu, na maandishi yaliyo juu yake hayakuhusu tena. Break ndiyo ile sauti ya kuomba kushuka. Yule binti wa daftari alipandia gati la tano. Kwa kuwa hakuna aliyemshusha, akapitishwa Alhamisi, akapitishwa Ijumaa, akaja kuteremshwa kwenye default, mahali palipoandikwa kwamba siku hiyo haipo, ilhali siku ipo na ameshaipita.

Nilimchorea magati hayo kwenye karatasi akaelewa kwa mara moja. Akachukua kalamu akaweka mshale mwenyewe.

Nina neno hapa kwa walimu wenzangu wa pwani. Watoto wetu wakilisikia neno break husikia breki, ile ya pikipiki. Wanadhani programu ikifika hapo inasimama kabisa. Kuna daftari nimelisoma limeandikwa kwa wino mwekundu, "break husimamisha programu," na tiki ya mwalimu iko pembeni. Programu haisimami. Inatoka nje ya mabano ya swichi na kuendelea na mstari unaofuata baada ya mabano hayo. Mimi huwafundisha wayasome kwa Kiswahili kichwani: wanapoona break, waseme "toka". Wanapoona default, waseme "kama hakuna linalofanana". Tangu nianze kufanya hivyo makosa yamepungua sana darasani kwangu.

Nisije nikaonekana nakemea wengine kwa jambo lisilonipata. Miaka sita iliyopita nyumba moja ya wageni iliniomba niwatengenezee kidhibiti cha pampu ya maji. Kisima kiko chini uani, tangi liko juu ya dari, na mtumishi wao alikuwa amechoka kupanda ngazi kila mara kuangalia kama limejaa. Kazi ilikuwa ndogo: boya ndani ya tangi, kidhibiti kidogo cha kuandikiwa programu kwa C, na relei ya kuwasha pampu. Tangi likiwa tupu, washa. Likijaa, zima. Nikaandika hivi:

case TUPU: washa_pampu();
case LIMEJAA: zima_pampu(); break;

Nilipoifunga haikufanya kitu. Tangi tupu, boya limelala chini, na relei haikutoa hata ule mlio wake wa "tak". Nikalilaumu boya, nikanunua jingine. Nikamlaumu fundi umeme. Akaja na mita yake, akapima waya zote mbele yangu, moja baada ya moja, akakuta umeme unafika kila unapotakiwa. Akafunga mkoba wake akaondoka bila kusema neno, na nilijua nimemvunjia heshima. Siku mbili wageni wa nyumba ile walioga kwa maji ya madumu yaliyoletwa na punda, na mwenye punda alilipwa kila safari kwa kukatwa ujira wangu.

Usiku wa pili nilikaa na programu mbele yangu nikaifuata kwa kidole, kama mtoto anayesoma juzuu. Tangi tupu. Washa pampu. Kidole kikashuka mstari mmoja. Zima pampu. Nikarudia. Washa. Zima. Kati ya amri hizo mbili hapakuwa na kitu chochote. Relei huhitaji milisekunde kadhaa ili ivute ulimi wake wa chuma, nami nilikuwa nimeipa mikrosekunde chache tu. Kabla haijaanza kuvuta nilikuwa nimeshaiambia iache. Na kwa kuwa tangi lilibaki tupu, duru iliyofuata ilirudia yale yale, washa, zima, maelfu ya mara, bila sauti na bila tone la maji kupanda. Pampu ilikuwa nzima, boya lilikuwa zima, na waya za yule bwana hazikuwa na lawama.

Niliongeza break moja. Alfajiri nikaenda, nikaifunga, na relei ikalia "tak". Nikasikia maji yakipanda ndani ya bomba. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja hadi Mkomani, nyumbani kwa fundi umeme, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, kwa kuwa nilimshuku mbele ya watu. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa. Lakini siku mbili zile sijazisahau, na kila mwanafunzi wangu hupewa kisa hiki kabla sijamwonyesha swichi iliyokamilika. Mstari mmoja uliopungua kwenye karatasi, huko nje ni punda wanabeba maji.

Wanafunzi huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama watu hukosea hivi, kwa nini C isijifunge yenyewe kila case inapoisha? Lugha hii ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilizaliwa na lugha ya B ya Ken Thompson, nayo B ikazaliwa na BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. Walikuwa wanataka lugha ndogo, iliyo karibu na mashine, ya kuandikia Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Katika mashine, lebo ni alama ya mahali tu ndani ya orodha ya amri. Mashine haisimami kwenye alama, huendelea na amri inayofuata. Swichi ya C ikabaki na tabia hiyo.

Na tabia hiyo ina faida yake, nisiifiche. Chukua pepo zetu. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi ikishika, twaihesabu Mei hadi Septemba. Kwa swichi unaandika:

switch (mwezi) {
case 12:
case 1:
case 2:
case 3:
    printf("Kaskazi\n");
    break;
case 5:
case 6:
case 7:
case 8:
case 9:
    printf("Kusi\n");
    break;
default:
    printf("Pepo zinageuka\n");
}

Desemba, Januari na Februari hazina amri zake zenyewe. Ukipandia mojawapo unateremka mpaka Machi, na hapo ndipo kazi inapofanywa, mara moja, kwa niaba ya miezi yote minne. Tazama pia kwamba 12 imetangulia 1, na kompyuta haikulalamika. Mpangilio wa lebo ni wako, mradi thamani moja isijirudie. Ungetaka kufanya hivi kwa if ungeandika alama za "au" mpaka mkono uchoke. Mwanafunzi akiuona mfano huu baada ya ule wa siku, hapo ndipo anapoelewa kwamba kuteremka kuna mahali pake, na kwamba mwandishi wa programu ndiye anayeamua wapi pa kuteremka na wapi pa kutoka. Gazeti lenu lilimwonyesha kuteremka bila kumwambia kuwa kupo.

Wengine waliokuja baadaye waliigeuza kanuni. Lugha ya Go, iliyotangazwa 2009, kila case yake hujifunga yenyewe, na ukitaka iteremke ni lazima uandike neno la kuiruhusu. Mmoja wa waliotengeneza Go ni yule yule Ken Thompson wa B. Hata C yenyewe, katika toleo lake la C23, imepata alama rasmi, [[fallthrough]], ambayo mwandishi huiweka pale anapoteremka kwa makusudi, ili anayesoma asidhani amesahau. Napenda jambo hilo. Ni sawa na kuandika kwa mkono pembeni mwa hati, "nimeona, na nimekubali."

Asifikirie mtu kwamba makosa ya break ni ya watoto wa shule na walimu wa vichochoroni kama mimi. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T huko Marekani uliporomoka kwa muda wa karibu saa tisa. Mitambo 114 ya kuunganisha simu ilikuwa ikijizima na kujiwasha, na kila mmoja ukirudi unaangusha jirani zake. Programu ilikuwa ya C. Ndani ya swichi mlikuwa na case, ndani ya case mlikuwa na if, na ndani ya if mlikuwa na break. Break haiitambui if. Hutoka kwenye swichi au kwenye kitanzi, yaani amri zinazojirudia, kilichoizunguka kwa karibu zaidi. Kwa hiyo ilipofikiwa, ilitoka kwenye swichi nzima na kuiacha nyuma kazi iliyopaswa kufanywa. Nyinyi mmepunguza break, wao waliweka moja pasipo pake, na yote mawili yanatokana na kutojua neno hilo linamtoa mtu wapi.

Kijana mwingine hapa kwangu aliandika programu ya tiketi za mashua. Orodha inajitokeza: bonyeza 1 kwa Mokowe, 2 kwa Shela, 3 kwa Matondoni, 4 kumaliza. Swichi yake ilikuwa ndani ya kitanzi cha while, na kwenye case 4 aliandika break peke yake. Akabonyeza 4, orodha ikarudi. Akabonyeza tena, ikarudi. Ile break ilimtoa kwenye swichi, na nje ya swichi alijikuta bado yumo ndani ya while, akarudishwa juu. Tuliweka nambari iitwayo endelea, case 4 ikaibadili kuwa sifuri, na while ikawa inaitazama hiyo. Alifurahi. Siku ya pili akaja na tatizo jingine: alikuwa anasoma kitufe kama herufi, kisha anaandika case 1 badala ya case '1'. Kwa kompyuta, herufi '1' ni 49. Kila kitufe kikawa kinaangukia default. Sikumwambia jibu. Nilimwambia aiandikishe ile thamani kama nambari, akaona 49 kwa macho yake, na akacheka mwenyewe.

Kuna njia ya kumkinga mwanafunzi asiye na mwalimu, na mngeweza kuichapisha kwa mstari mmoja tu. Kompaila ya GCC, tangu toleo la 7 la mwaka 2017, inajua kuonya case inapoteremkia nyingine bila ruhusa. Onyo hilo halitoki bure, wala halimo katika -Wall, chaguo la maonyo ambalo wengi wanalijua. Linakuja ukiandika -Wextra. Na lina akili: zile lebo za miezi zilizopangwa moja juu ya nyingine bila amri katikati, halizigusi. Niliipitisha programu yenu humo mbele ya binti, ikatoa maonyo saba, moja kwa kila break iliyokatwa. Aliyahesabu kwa kidole kwenye kioo. Hapo ndipo uso wake ulipofunguka, kwa kuwa sasa kulikuwa na shahidi wa tatu, ambaye si yeye wala si mimi.

Jambo jingine, kabla halijatokea. Mmewaahidi wanafunzi kwamba mara ijayo mtawaonyesha jinsi ya kuichukua siku kutoka kwa saa ya kompyuta. Tafadhali angalieni hesabu. Nyinyi mmeanzia Jumamosi kwa 1, na mmefanya vizuri, maana majina yetu yenyewe ndivyo yanavyohesabu: mosi, pili, tatu. C haihesabu hivyo. Ile tm_wday yake, nambari ya siku inayotoka kwenye saa, huanzia Jumapili kwa 0 na kuishia Jumamosi kwa 6. Jumatano yenu ni 5, yake ni 3. Mkiiingiza moja kwa moja ndani ya swichi yenu, Jumatano itaitwa Jumatatu, na Jumapili itaambiwa haipo. Andikeni siku = (tm_wday + 1) % 7 + 1, ambapo % ni baki la kugawanya, hesabu itakaa sawa kwa siku zote saba. Na mwaelezeeni mwanafunzi sababu, kwa kuwa ni elimu nzuri hii: wiki yetu ina tano mbili, ile ya Jumatano iliyohesabiwa kwa Kiswahili na ile ya Alhamisi iliyokuja na Kiarabu, ambako ni siku ya tano ukianza na Jumapili. Watoto wa hapa, waliokwisha kukaa chuoni wakasoma hesabu za Kiarabu, hulipata hilo upesi kuliko mnavyodhani.

Mhariri, nakuomba marekebisho yachapishwe kwenye ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule. Yasiwekwe kwenye kona ya masahihisho ambayo mwanafunzi haisomi. Mjini huenda watoto wana intaneti ya kuhakikisha. Huku gazeti huvuka maji kutoka Mokowe, na kutoka hapa nakala moja huchukuliwa na abiria hadi Faza au Siyu, ikasomwa na nyumba nzima, kisha kisanduku kile kikakatwa na kubandikwa. Kwa baadhi yao ndicho kitabu cha C walicho nacho. Sijakuandikia ili mkiondoe. Mkikiondoa, nitakuwa nimewakosesha mimi.

Chapisheni kila break kwenye mstari wake wenyewe, zote saba, na ya nane baada ya default, ili siku mtu akiongeza lebo chini yake asije akaisahau. Zikikosa nafasi, punguzeni picha ya kompyuta iliyokuwa juu ya kisanduku. Ile haimfundishi mtu kitu. Na lile neno la "if iliyofupishwa" mlifute, mseme waziwazi kwamba swichi huruka hadi kwenye lebo na huendelea mpaka iambiwe itoke.

Binti hakukibandua kile kipande. Amechora mstari wa penseli pembeni mwake, akaandika tarehe, na ameuacha ukurasa wa kulia mtupu. Anasema ni wa marekebisho, na chupa ya gundi ameiacha hapa kwangu.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta wa jioni,
Langoni, Lamu